Jiwe Lililoshushwa Ijumaa

Siku kreni ilipofika Nyamarambe nilikuwa dukani nikimpimia mteja chumvi ya ng'ombe. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili mwaka jana, jua limewaka vizuri na watu wana hamu ya mvua. Lori refu likapita polepole, na juu yake kumelazwa mlingoti wa chuma, magurudumu ya meno, na mkono mrefu ulioliwa na kutu mpaka ukawa mwekundu. Mdogo wangu Haron alikuwa ameketi juu ya vyuma hivyo, anapungia watu mkono kama bwana harusi. Nilicheka mpaka nikamwaga chumvi ya watu.

Mimi ni Phanice. Nauza dawa za mifugo, na ni shemasi katika kanisa letu la Wasabato. Haron na mimi ni tumbo moja. Haya ninayasimulia nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Nina hasira na Duke, nina hasira na Mzee Thadeus, na yupo wa tatu ambaye nitamfikia.

Duke ni mtoto wa baba yetu mdogo. Ndiye mwenye shimo la mawe ng'ambo ya bonde, yale mawe laini yetu ya kuchongea vinyago na sahani. Miaka yote mawe hayo yalitoka shimoni kwa mgongo wa mtu. Haron aliyabeba miaka tisa, na kila jioni mkewe Esnah alimkanda kiuno kwa maji ya moto. Kwa hiyo Duke alipoleta kreni na kumpa Haron kazi ya kuiendesha, Esnah alipiga magoti papo hapo uani akamshukuru Mungu.

Kreni yenyewe ilitoka Pwani, kwenye machimbo ya matumbawe yaliyofungwa zamani, karibu kabisa na bahari. Wakoloni waliileta kwa meli, ikainua mawe ya kujengea gati na maghala. Walipoondoka ikachukuliwa na kampuni nyingine, nayo ikafunga, mashine ikabaki peke yake na magugu. Haina injini. Ni wanaume wawili na mipini miwili: wanazungusha, gia zinageuka, waya unajikunja, mzigo unapanda. Kila jino la gia likipita, ulimi mdogo wa chuma unaanguka nyuma yake ili mzigo usirudi chini. Krek. Krek. Krek. Upepo ukiwa mtulivu tuliisikia mpaka kanisani, upande wa pili wa bonde.

Duke alitoa amri moja tu.

"Mkifunga kazi, wacheni jiwe moja kwa ndoano," alimwambia Haron. "Kila siku. Isilale bila kitu."

"Ya nini?"

"Ni ya kushikilia mashine, isiyumbe. Wewe fanya tu."

Haron akafanya. Kila jioni waliinua jiwe moja, wakaliacha juu linaning'inia, wakaenda zao. Miezi mitano ikapita hivyo. Mgongo wa Haron ukapona. Akanenepa kidogo, akaanza kuimba besi kwenye kwaya.

Shida ilianzia kanisani. Madirisha yetu ya upande wa kushoto yanatazama bonde, na ukikaa hapo Sabato asubuhi unaiona kreni yote, na jiwe lake juu. Mzee Thadeus, mzee wa kanisa, alikuwa akikaa hapo. Siku moja mwezi wa saba akasimama baada ya ibada, akanyoosha kidole dirishani.

"Mashine iliyobeba mzigo inafanya kazi," alisema. "Amri inasema hata mnyama wako apumzike. Na mwenye kuiendesha hiyo mashine anaimba hapa mbele yetu!"

Watu wote wakageuka wakamtazama Haron. Wengine wakanitazama mimi. Nilihisi uso unaniwaka kwa aibu. Mchana huohuo nilimfuata Haron nyumbani kwake.

"Shusha hilo jiwe Ijumaa kabla jua halijazama," nilimwambia. "Ni dakika mbili tu."

"Duke alikataa."

"Duke ndiye atakayekuzika?"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Ijumaa iliyofuata alilishusha jiwe, akafungua mnyororo uliolifunga, akaiacha ndoano tupu. Sabato nikaketi kanisani nimetulia, natazama ile ndoano nyembamba imekaa kimya juu ya shimo, na nikaona tumeshinda.

Jumapili asubuhi, wafanyakazi walipofika, kulikuwa na kondoo kwenye ndoano.

Ni kondoo jike wa Mzee Thadeus mwenyewe. Alikuwa juu kabisa, penye urefu wa nyumba mbili, ameshikwa kwa sufu ya mgongoni. Hapakuwa na kamba. Hapakuwa na damu. Na alikuwa hai. Hakulia hata mara moja. Alikuwa anageuza kichwa taratibu, anawatazama watu mmoja mmoja.

Haron na mwenzake walimshusha kwa uangalifu. Kwato zake zilipogusa ardhi, akafa. Hakuyumba, hakupiga teke. Alikuwa hai, kisha hakuwa hai.

Mji mzima ulisema ni vijana wenye wivu na Duke. Haron alimpigia Duke simu, na Duke, ambaye siku hizo alikuwa Nairobi akitafuta wateja, hakuuliza hata kondoo amefikaje huko juu. Aliuliza jambo moja.

"Mlitoa jiwe?"

Haron aliposema ndiyo, Duke alikata simu.

Hapo ndipo Esnah alipokumbuka karatasi ya mauziano iliyokuja na kreni. Chini yake kulikuwa na namba ya simu ya mlinzi wa yale machimbo ya Pwani, mzee aitwaye Ngumbao. Yeye na Haron walikuja dukani kwangu, tukafunga mlango, Haron akaweka simu juu ya meza ili sote tusikie. Sauti ya yule mzee ilikuwa ndogo, na nyuma yake kulikuwa na mvumo ambao baadaye nilielewa ni bahari.

"Mwanangu," alisema, "ndoano ile haiachwi tupu."

Akatusimulia. Babake aliizungusha kreni hiyo enzi za Wazungu. Siku moja habari zilikuja kwamba vita vya dunia vimekwisha, wafanyakazi wakapewa ruhusa ya ghafla, wakaiacha ndoano tupu kwa mara ya kwanza, wakakimbilia mjini kusherehekea. Waliporudi asubuhi walimkuta mwenzao mmoja juu, ameshikwa kwa nyuma ya shati. Alikuwa mzima. Alizungumza nao mchana kutwa. Aliomba maji, wakamfikishia kwa mti mrefu. Aliuliza habari za mkewe. Jioni wakamshusha.

"Nyayo zake zilipokanyaga chini, alikata roho," Mzee Ngumbao alisema. "Tangu siku hiyo, kila fundi alimfundisha anayemfuata. Ukimaliza kazi, tundika jiwe. Machimbo yalipofungwa, waliiacha na jiwe lake. Miaka arubaini jiwe lile lilikuwa juu, nami nalilinda. Bosi wenu alikuja akakata mnyororo kwa moto wa gesi. Nilimshika mkono, nikamwambia yote haya. Alicheka, lakini najua alisikia."

"Na mtu akishashikwa," Haron aliuliza kwa sauti ya chini, "anaokolewaje?"



"Akishafika ndoanoni, mwanangu, amekuwa mzigo."

Esnah alianza kulia. Haron alitoka palepale, akaenda na mwenzake, wakainua jiwe. Nami je? Nilifungua mlango wa duka, nikauza dawa ya kupe. Damu yangu ilikuwa inachemka. Nilimkasirikia Duke kwa kuficha, lakini nilimkasirikia zaidi yule mzee wa watu kwa kumtia mdogo wangu woga. Nilijiambia mambo ya Pwani ni ya Pwani. Nilijiambia kondoo hupanda popote. Kondoo! Urefu wa nyumba mbili!

Basi ukafika mwezi wa nane, wakati wa makambi, mikutano yetu mikubwa ya kila mwaka. Wageni walikuwa wanakuja kutoka makanisa yote, hadi Itumbe na Ikonge, na mahubiri ya Sabato yangefanyikia kwetu. Jumatano Mzee Thadeus, ambaye habari za ile simu zilikuwa zimeshamfikia, aliingia dukani, akaegemea kaunta.

"Phanice, wageni watakaa upande ule wa madirisha," alisema. "Wataona nini? Jiwe la wachawi. Ndugu yako anamwamini mganga wa Pwani kuliko Mungu wake. Hiyo jiwe ikiwa juu Sabato hii, jina lake litasomwa mbele ya watu wote. Atafutwa ushirika."

"Mzee, hata kondoo wako..."

"Kondoo wangu aliibwa na watu," alinikatiza. "Watu wenye mikono."

Nilimfikiria Haron akisomwa jina mbele ya wageni mia tano. Nilifikiria besi yake ikikosekana kwenye kwaya. Na nitasema ukweli, nilifikiria pia jinsi wanawake wenzangu wa ushemasi wangenitazama. Nilimsihi Haron alishushe. Alikataa. Hakuwa amewahi kunikatalia kitu tangu utotoni, na siku hiyo alikataa akiwa ametulia.

"Wacha wanifute," alisema. "Nitaimba nyumbani."

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu, wafanyakazi walikuwa wameshaondoka kwenda kuoga na kufungua Sabato. Nilivuka bonde peke yangu. Kuinua jiwe kunataka wanaume wawili, lakini kulishusha hata mwanamke mmoja anaweza: unainua ule ulimi wa chuma, unashika breki, unaliachia taratibu. Nilikuwa nimemtazama Haron mara nyingi. Jiwe likashuka. Nikafungua mnyororo. Ndoano ikapanda kidogo yenyewe kwa wepesi, ikatulia.

Wa tatu ninayemkasirikia ni mimi.

Sabato asubuhi kanisa lilijaa mpaka nje. Jua kali. Haron alikuwa ameketi na kwaya mbele, amevaa koti lake la kijivu. Wimbo wa pili ulipoanza nilimwona akigeuza kichwa kuelekea dirishani. Besi ikakatika. Alitazama kreni, kisha akatazama watu, uso mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwangu. Nilishusha macho nikajifanya nasoma Biblia.

Alisimama, akapita katikati ya wimbo, akatoka. Mzee Thadeus alitikisa kichwa. Mimi nilikasirika. Nilifikiri: ameniaibisha mbele ya wageni baada ya yote niliyofanya.

Mhubiri akaanza. Zilipita dakika kumi. Kisha ishirini.

Krek.

Nilidhani ni benchi.

Krek. Krek.

Mhubiri alinyamaza. Watoto walikuwa wa kwanza kukimbilia madirishani. Halafu sote.

Mkono wa kreni ulikuwa unageuka. Polepole. Kwenye mipini hapakuwa na mtu. Tuliona mipini yenyewe inazunguka, yote miwili, kwa mwendo wa watu wasio na haraka. Krek. Krek. Waya ulikuwa unapanda kutoka shimoni. Ulikuwa umenyooka. Ulikuwa na mzigo.

Kwanza tuliona kichwa. Kisha koti la kijivu.

Sijui nilivukaje bonde. Viatu niliviacha mahali nisipopakumbuka. Nilipofika, Esnah alikuwa tayari pale, mikono kichwani. Haron alikuwa juu yetu, penye urefu wa nyumba mbili, ndoano imelishika koti kwa nyuma. Alikuwa hai. Alikuwa anageuka taratibu, kidogo huku, kidogo kule. Mlio wa gia ulikuwa umekoma.

"Nilikuwa nataka tu kufunga mnyororo," alisema. Hakupiga kelele. Sauti yake ilitufikia kama yuko karibu. "Esnah, usilie. Siumii."

"Tutakushusha!" mtu alipaza sauti.

"Msinishushe."

Umati wa makambi ulikuwa unazidi kufika, nguo za Sabato zimejaa vumbi. Mzee Thadeus alisukumana mpaka mbele, akatazama juu, akaanza kutoa amri. Wanaume wanne washike mipini. Wengine waombe.

"Msimshushe," nilimwambia. Sauti ilinitoka kama ya mgonjwa. "Mzee, kondoo wako. Unakumbuka kondoo wako!"

"Unataka abaki huko kama nyama ya bucha?"

"Mleteeni maji. Tumpigie yule mzee simu. Ngojeni!"

"Shusheni mtu!" Mzee Thadeus alisema.

Nilirukia breki. Nilimuuma mkono mwanamume mmoja, nikamkwaruza mwingine. Walinishika mashemasi wenzangu, wanawake watatu, wakaniketisha chini wakiniambia Phanice tulia, Phanice mwamini Mungu. Ulimi wa chuma ukainuliwa. Waya ukaanza kuteremka.

Haron alikuwa ananitazama mimi. Alishuka, akafika usawa wa macho yangu. Nilikuwa hatua tatu tu.

"Dada," alisema, karibu kunong'ona, "nani alishusha jiwe?"

Nilifungua mdomo.

Viatu vyake vikagusa ardhi.

Daktari hakuona kidonda wala mfupa uliovunjika. Kwenye cheti waliandika kwamba moyo ulisimama. Askari waliandika kwamba alipanda kreni mwenyewe akakwama. Watu mia tano waliiona mipini ikizunguka, na hakuna hata mmoja aliyeandikisha alichoona. Mzee Thadeus alisema huo ulikuwa mtihani wa imani. Hajakosa Sabato hata moja tangu siku hiyo, ila siku hizi hukaa upande wa kulia.

Duke alirudi kwa mazishi na jeneza zuri. Nilimngojea mpaka aliposhika kipaza sauti, nikasimama mbele ya waombolezaji.

"Ulijua!" nilimpigia kelele. "Mzee wa watu alikushika mkono akakuambia! Ungemwambia Haron neno moja tu, angekuwa hapa!"

Duke alikuwa analia. Sikutegemea hilo.

"Ningeisema hiyo stori hapa, nani angefanya kazi?" alisema. "Lakini nilimwambia awache jiwe. Na jioni ile aliniambia kwa simu jiwe iko juu. Sasa mniambie, nani aliitoa?"

Niliketi.

Kreni ilikatwa vipandevipande wiki hiyohiyo. Mafundi walitundika jiwe kwanza, wakaanza kukata kutoka nyuma, na jiwe ndilo lililoanguka mwisho. Vyuma vikapakiwa kwenye lori vikapelekwa kuyeyushwa. Shimo limefungwa. Wanaume wamerudi kubeba mawe kwa migongo, kwenye machimbo mengine.

Kuna jambo moja sijawahi kumwambia mtu. Ijumaa ile mpini wa breki ulikuwa na kutu, sikutaka kuchafua mikono. Nilivua kitambaa changu cheupe cha kichwa, kile cha ushemasi chenye jina langu nililoshona kwa uzi wa bluu, nikauzungushia. Nilikisahau palepale. Siku ya kifo hakikuwepo. Nilitafuta kwenye majani, nikatafuta tena wakati mafundi wanakata. Nikajiambia upepo umekibeba.

Sabato iliyopita nilipitia kwa Esnah kumpelekea unga. Alinikaribisha sebuleni. Tangu msiba ana tabia moja: haachi msumari wowote ukutani bila kitu. Kwenye huu kofia, kwenye ule kalenda, kwenye mwingine ungo. Karibu na mlango kuna msumari ambao Haron alitundikia koti lake, na Esnah alikuwa ameliondoa Ijumaa ili alifue.

"Nililisahau kwenye beseni mpaka asubuhi," aliniambia. "Msumari ukalala bila kitu."

Alinyoosha kidole. Kitambaa changu kilikuwa kimetundikwa hapo. Cheupe, kisafi, kimepasuka tundu moja katikati, mahali msumari ulipopita. Jina langu lilitazama nje.

"Milango nilikuwa nimeifunga kwa ndani," Esnah alisema.

Nilisimama pale na paketi ya unga mkononi. Esnah hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akakiweka mbele yangu, akaketi kwenye kingine.

"Haya, Phanice," alisema. "Jibu swali la ndugu yako."